Sheria ya Vipofu

Siku baba yangu alipofariki alirudi kutoka kazini mapema. Aliosha mwiko wake wa kujengea kwenye ndoo, akaufuta kwa kitambaa, akaulaza juu ya pipa. Kisha akakaa kwenye benchi la uani, akaniambia, "Mwanangu, nipe maji. Yasiwe ya baridi." Nilipotoka na kikombe nilimkuta ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha kati ya miguu yake. Nilimwita, hakuinua kichwa. Nikamwita mama.

Mama alikuwa chumba cha nyuma. Alichelewa kutoka. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, baba akihitaji kitu mama alichelewa kidogo, si sana, kiasi cha kumjulisha kwamba amesikia na hajasahau. Siku ile alichelewa vilevile, na alipofika hakukuwa tena na wa kumjulisha.

Jambo ambalo mama hakulisahau ni ukuta.

Nyumba yetu iko mstari wa mwisho wa mtaa. Nyuma yake kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna nchi nyingine. Zamani watu walivuka kwenda kuombana chumvi. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliolewa huko, kwenye nyumba inayotazamana na yetu. Vita vilipokuja mpaka ulifungwa, na hata vilipokwisha haukufunguliwa, lakini madirisha yalibaki wazi, na ndugu hawa wawili wakazungumza kwa shuka. Shuka jeupe dirishani: tuko salama. La bluu: kuna mgonjwa. Siku moja mama mdogo alitundika mashuka meupe mawili, makubwa, na chini yake vitambaa viwili vidogo. Mama alicheka peke yake mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. "Pacha," mama akasema. "Mdogo wangu kapata pacha."

Ndipo ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Ukingo. Nyumba ya mstari wa mwisho isiwe na tundu lolote linalotazama kwa adui. Sisi tuliiita Sheria ya Vipofu. Lori lilileta saruji, afisa akaja nalo, na kazi ya kuziba alipewa fundi wa mtaa, ambaye ni baba. Alianza na nyumba yake mwenyewe. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka mama amesimama mlangoni, shuka mkononi, mwanga wa chumba ukipungua tofali kwa tofali.

Kesho yake mvua ilinyeshea saruji ya serikali. Baba hakuifunika. Afisa alimzaba kofi mbele za watu, akamweka mahabusu siku kadhaa, kisha akamtoa amalizie mtaa kwa mifuko iliyosalia stoo. Tangu hapo watu walimwita Fundi Mvua, na yeye aliitikia.

Viti vya msiba vilikuwa bado uani redio ilipotangaza. Bunge limepitisha marekebisho ili kuboresha uhusiano na waliokuwa mahasimu wetu. Katika sheria zote za nchi neno "adui", pale linapowahusu watu wa ng'ambo, limefutwa, na mahali pake pameandikwa "jirani". Katazo la madirisha limeondolewa.

"Jana adui, leo jirani," alisema mama muuza mkaa, akijisogeza kitini. "Kesho mtasikia ni shemeji."

"Kwangu ni shemeji tangu zamani," mama akasema. Hakucheka.

Mwalimu mstaafu, tunayepakana naye ukuta, alipunguza sauti ya redio. "Mimi nimeshaumwa na nyoka," alisema. "Unyasi naujua."

Baada ya wiki chache alikuja mwanamke kutoka wizarani, na kipaza sauti, na viatu vilivyokuwa safi mpaka alipofika kwetu. Tulimwita Mama Wizara. Alieleza vizuri, hakutudharau. Alisema kila mwenye nyumba yuko huru kufungua dirisha lake. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, katazo limeondoka. Na kosa je?"

"Kosa lipi, mzee wangu?"

"La kabla. Mtu aliyevunja ile ya zamani wakati ingali sheria."

Mama Wizara alipekua makaratasi yake. "Makosa yaliyotendwa wakati sheria ya zamani ikitumika," alisema polepole, "yataendelea kuangaliwa kwa mujibu wa sheria ya zamani."

Watu walitazamana. "Basi tumeshaelewa," mtu akasema nyuma. "Chambo kipya, ndoano ileile."

Hakuna aliyefungua. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aingie majini kwanza ili apime kina. Ukipita barabarani watu walikusalimia huku wanakutazama mikono, kama umebeba nyundo. Mwalimu alisema wa kwanza kufungua ndiye atakayeandikwa kwamba alikuwa na hamu, na mwenye hamu hukosi sababu ya kumuuliza. Hata mimi nilianza kujiuliza kwa nini mwalimu anajua sana mambo ya kuandikwa.

Aliyevunja ukimya ni muuza mkaa. "Chumba changu kinanuka ukungu, mkwe wangu anakohoa," alitangaza akiwa kibarazani. "Wakinifunga wanifunge. Angalau jela kuna dirisha."

Alimwita kijana wa vibarua mwenye tindo na nyundo. Tulisimama mbali, tukijifanya tunapita. Kijana alipiga mara moja, na tindo ikazama mpaka karibu na mkono wake. Akaichomoa, akaitazama, akaupiga ukuta teke. Ukuta wote wa dirishani ukashuka juu ya kitanda cha mkwe, ambaye kwa bahati alikuwa uani.

"We mtoto, umeufanyaje?"

"Sijaufanya kitu, mama! Huu si saruji. Ni udongo. Juu wamepaka lipu nyembamba tu, ndani ni tope!"

Jumamosi hiyo walifungua wengine watatu. Kwao pia lipu ya nje ilikuwa ngumu kiasi cha kustahimili msumari wa mkaguzi, na nyuma yake tofali zilikuwa zimelazwa kwenye udongo mtupu. Mmoja aliuvunja wake kwa mwiko wa kupikia ugali, kuonyesha watu tu. Kufikia Jumatatu jibu lilikuwa limepatikana bombani, mahali ambapo majibu yote ya mtaa wetu hupatikana.

Nilifika na ndoo zangu nikawasikia kabla hawajaniona. Walikuwa wamekaa kwenye mawe ya bombani, yale mawe ya mviringo tunayokalia tukisubiri zamu.

"Marehemu hasemwi vibaya," mwenye duka alikuwa anasema, "lakini saruji ya serikali ililiwa."

"Tena ililiwa mchana."

"Ndiyo maana alipigwa kofi akanyamaza. Mwizi hana mdomo."

"Na sisi tukamwita Mvua! Kumbe mvua ilikuwa mfukoni kwake."

Walicheka. Muuza mkaa ndiye aliyeniona, akaacha kucheka, akaanza kukohoa kama mkwe wake.

Niseme kweli, shaka iliniingia na mimi. Baba alikuwa fundi asiyeacha hata karai bila kulifunika. Jioni alifunika mchanga, alifunika ndoo, alifunika koleo. Mtu wa namna ile angesahauje saruji ya serikali siku ambayo kila mtu aliona wingu? Nilitazama chini kwa aibu, na nikawa natazama jiwe alilokalia mwenye duka. Lilikuwa na kiuno katikati, kama mto wa kulalia ulioshikwa na kamba. Ubavuni kulikuwa na mkunjo, na ndani ya mkunjo kipande cha karatasi ya kahawia kilichogandamana na jiwe.

"Simameni," nilisema.

"Binti, hatukuwa na nia mbaya..."

"Simameni tu, baba. Naomba."

Walisimama. Nikawaambia watazame walipokuwa wamekaa. Waliokuwa watu wazima siku zile walikumbuka kabla sijamaliza: ile mifuko ya saruji iliyonyeshewa, ikaganda, baba akaiburuta kutoka nje ya stoo ya serikali mpaka bombani kwa sababu afisa hakutaka kuiona. Kwa miaka ile yote tulikuwa tumesema ni "mifuko miwili mitatu iliyoharibika". Mawe yalizunguka bomba, yakashuka kando ya mtaro, yakaendelea hadi ukuta wa shule, mengine yamezama nusu. Watoto walijifunzia kutembea juu yake. Mwalimu alitembea mpaka mwisho wa mstari na kurudi.

"Hili ni karibu lori zima," alisema. "Iliyosalia ndiyo ile lipu. Hakuuza hata kiganja."

"Aliisahau mvuani yote?" mwenye duka akauliza.

"Wewe uliwahi kumuona Mvua akisahau kufunika kitu?"

Niliona uso mmoja baada ya mwingine ukielewa: aliiachia mvua makusudi, ili azibe kwa udongo, ili siku moja madirisha yafunguke bila kubomoa nyumba za watu. Nikaona pia walivyoacha kutabasamu mara tu walipoelewa. Mwalimu alisogea karibu, akashusha sauti.

"Sasa sikilizeni. Hiyo inaitwa hujuma. Ya zamani inaangaliwa kwa sheria ya zamani, mlisikia wenyewe. Yeye yuko kaburini, lakini hakukoroga udongo peke yake." Akakaa tena juu ya jiwe. "Haya ni mawe. Tuliyakuta hapa."

"Tuliyakuta," wakaitikia, wakakaa.

Mimi nilikimbia nyumbani bila maji. Nilimwambia mama yote kwa pupa, nikitarajia uso wake ulegee. Alinisikiliza akikunja nguo.

"Kwa hiyo alijua kuziba kwa udongo," alisema.

"Ndiyo, mama! Mtaa mzima."

"Haya. Mwite yule kijana."

Kijana wa vibarua alikuja akiwa na furaha. Kazi ilikuwa imekuwa mchezo. Alipiga tindo kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Ikadunda. Alipiga tena kwa nguvu, cheche zikaruka, na baada ya muda mpini wa nyundo ukapasuka. Ukutani palikuwa na alama ndogo kama ya kucha.

"Mama, hapa ni saruji kavu na mchanga uliooshwa," alisema akipuliza viganja. "Aliyejenga huu alikuwa na hasira."

"Umemsikia?" mama akaniuliza. Aliendelea kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. "Watu wote aliwaachia njia ya kurudi. Wa kufungiwa moja kwa moja ni mimi na mdogo wangu. Siku zote nilisema hakuwapenda watu wangu, mkasema namwonea. Leo ushahidi uko ukutani."

Kisha akasema jambo lililoniuma kuliko msiba wenyewe. Alisema nichukue mwiko, timazi, pimamaji na vyote vya marehemu nimpelekee Kijiko. "Sitaki kuviona humu."

Kijiko ndiye aliyekuwa saidia fundi wa baba, aliyemkorogea na kumpandishia tofali ujana wake wote. Siku hizi anatengeneza baiskeli kwenye kona. Siku ya mazishi alikaa mpaka watu wa mwisho, lakini hakumsogelea mama. Alipoona mfuko wa zana aliinua mikono, imejaa grisi.

"Kasema nini shemeji?"

"Kasema hataki kuviona."

"Kwa sababu ya ukuta?"

"Kwa sababu ya ukuta."

Aliitazama barabara pande zote mbili. "Uweke hapo ndani," alisema. "Na ukapumzike." Nilijua anajua kitu, na nilijua hatakisema.

Wiki hiyohiyo Mama Wizara alirudi. Safari hii hakuwa na kipaza sauti. Alipita nyumba zilizofunguliwa, akagusa kingo za madirisha, akaja bombani na kukaa juu ya jiwe kama mmoja wetu.

"Kazi imekuwa nyepesi kuliko tulivyotarajia," alisema. "Mitaa mingine wanabomoa kuta nzima. Hapa aliziba nani?"

"Fundi fulani," mwenye duka akasema. "Alikufa."

"Peke yake?"

"Alikuwa mtu wa peke yake sana."

"Na saruji aliyopewa?"

Tulikuwa kama kumi na tano pale, na yeye amekaa juu yake. Muuza mkaa alikohoa. "Mheshimiwa, mambo ya zamani," alisema. "Hata mume wangu simkumbuki vizuri."

Mama Wizara alicheka. Inawezekana alikuja kwa wema. Inawezekana alitaka kumtafutia marehemu shukrani. Lakini kabla hajaondoka aliokota bonge la udongo chini ya dirisha la muuza mkaa, akalifunga kwenye kitambaa chake na kulitia mkobani. Tulimsindikiza kwa macho mpaka gari lilipokata kona.

Nilidhani baada ya hapo Kijiko atajifungia kabisa. Kesho yake, saa za mchana, alibisha mlangoni na mfuko wa zana begani.

"Shemeji, nimekurudishia."

"Sikukukopesha," mama alisema. "Nilikupa."

"Najua. Nimekuja kusema neno moja, halafu ukinifukuza nitakwenda." Alibaki wima. "Yule mama kaondoka na udongo. Kama wanataka kunichukua, watanichukua nikiwa nimesema au sijasema. Bora niwe nimesema."

Mama hakumkaribisha kiti, lakini hakumfukuza.

"Siku ya ukuta wako, afisa aliweka kiti chake humu chumbani. Asubuhi mpaka mwisho. Alisema nyumba ya fundi iwe mfano. Kila mstari wa tofali alichoma msumari aone kama saruji imeshika. Fundi angeweka udongo wapi?"

"Hakusema hata neno," mama alisema. "Nilisimama pale mlangoni. Hata kunitazama hakunitazama."

"Angekutazama angeshindwa kulaza tofali. Kesho yake wingu likapanda, nikachukua turubai nifunike saruji. Akasema acha. Nikamwambia, fundi, mvua hiyo inakuja. Akasema, 'Naiona.' Alisema kilichofanyika kwake hakitafanyika nyumba nyingine."

"Na mimi nisiambiwe? Miaka yote hii? Kitandani kulikuwa na afisa?"

"Mdogo wako yuko ng'ambo, shemeji. Jambo likivuja, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Alisema usichokijua hutaweza kukijibu hata ukiulizwa. Halafu mtaa mzima ulijua humsemeshi mumeo kwa sababu ya ukuta. Afisa mwenyewe alikuwa anacheka. Nani angemshuku mtu ambaye mkewe anamchukia kwa kuitii serikali? Hasira yako ndiyo iliyotufunika, mimi na yeye."

Mama alikaa kitandani. Nilimsogelea, akaniashiria niache.

"Kuna kingine," Kijiko alisema, sasa kwa sauti ya fundi. "Afisa alikuwa mvuta sigara. Mara moja upepo ulimzimia kiberiti, akageuka kuukinga. Fundi akatia tofali moja kavu, bila saruji. Kona ya chini, kulia."

"Pale nilipokuwa nafungia shuka," mama alisema.

"Hapohapo. Mimi ndiye niliyepaka lipu juu yake."

Alipiga magoti, akatoa mwiko wa baba, akagonga lipu kwa kishikio, hatua kwa hatua, sikio karibu na ukuta. Mahali fulani sauti ilibadilika. Alikwangua kwa ncha. Lipu ilitoka kwa vipande, nyuma yake kukatokea uso mwekundu wa tofali na ufa mwembamba kuuzunguka pande zote nne. Kijiko hakuendelea. Alimpa mama mwiko.

Mama aliingiza ncha kwenye ufa, akatikisa. Tofali lilisogea. Akalishika kwa kucha, likatoka taratibu kama droo ya meza. Mwanga uliingia chumbani na kulala sakafuni, kipande chenye ukubwa wa tofali moja, na vumbi likawa linacheza ndani yake. Mama alipiga magoti, akabandika uso ukutani, akachungulia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama analia, mpaka nikamsikia akicheka.

"Na wao," alisema. "Njoo uone. Na wao pia."

Nilichungulia. Ng'ambo ya korongo nyumba ya mama mdogo ilikuwa palepale, bati lake limeshika kutu, na dirisha lililotutazama lilikuwa limezibwa kwa matofali. La jirani yake pia. Mstari wote, mpaka mwisho wa macho yangu.

Mfuko wa zana haukuondoka tena. Mwiko umerudi juu ya pipa, na mama ndiye anayeufuta. Kijiko hajaitwa na mtu, ila huwa anaacha baiskeli anayoitengeneza kila gari geni linapopita. Ukuta uliobaki mama amekataa usivunjwe. Asubuhi huchomoa lile tofali na kupitisha pembe ya shuka jeupe kwenye tundu. Jioni hulivuta shuka ndani na kulirudisha tofali mahali pake. Redio inasema bunge la ng'ambo nalo lina sheria kama ile yetu, na litaanza kuijadili mwezi ujao.